Kigoda cha Masjala

Foleni ya masjala asubuhi ile ilianzia dirishani, ikapita kando ya mabenchi, ikatoka mlangoni na kushuka ngazi. Masjala ni chumba kinachotunza faili za watumishi wa serikali, na kila Jumatatu watumishi wote hukumbuka kwamba wana faili. Palikuwa na walimu wanaotaka uhamisho, wauguzi wanaofuatilia vyeo, na dereva mmoja mnene aliyebana bahasha ya kaki kwapani kama kuku wa kuuza. Wote walitazama dirisha moja. Nyuma yake alikaa mwanamke aliyevaa gauni la samawati, vidole vina madoa ya wino, kalamu mbili zimechomekwa kwenye nywele.

Kijana mmoja mgeni akaipita foleni yote kwa hatua ndefu. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono ingeweza kukata karatasi.

"Samahani, dada, mimi nime..."

"Foleni inaanzia mlangoni, kaka."

"Nina barua."

"Kila mtu hapa ana barua. Yule mzee anazo tatu."

Foleni ikacheka. Mgeni akatazama nyuso zile, akageuka, akaenda kusimama nyuma ya dereva mnene. Alisimama saa nzima na dakika kumi. Alipofika dirishani kola yake ilikuwa imelowa jasho. Akapitisha barua.

Mwanamke akaisoma, akaisoma tena. Ilitoka makao makuu, kwa sahihi ya Katibu mwenyewe: mwenye barua hii ni mtaalamu wa mfumo mpya wa kumbukumbu wa kielektroniki, na apewe ushirikiano wote.

"Umesimama saa nzima na hii mfukoni?"

"Uliniambia foleni inaanzia mlangoni."

"Na ukanisikiliza?"

"Mtu mwenye kalamu mbili kichwani si wa kubishana naye."

Hakutaka kucheka, lakini alicheka.

Wenzake walimwita mwanamke huyo Faharasa. Kwa miaka kumi na moja alikuwa ameziweka kichwani faili elfu ishirini na tatu, rafu kwa rafu, na mtu akitaja jina tu yeye alishaelekea kwenye ngazi ya rafu. Mtaalamu alisimuliwa hayo siku ile ile na hakuamini. Ofisi ilipofungwa akamwambia, "Nikujaribu?"

"Jaribu."

Akataja jina la baba yake, dereva wa greda aliyefariki kabla yeye hajaanza shule. Faharasa akafumba macho. "Idara ya barabara. Alikuwa na faili mbili. Moja ililowa paa lilipovuja." Akapanda ngazi ya mbao, na baada ya dakika sita akarudi na faili iliyofungwa kwa kamba, akaipangusa vumbi kwa kiganja kabla ya kumpa.

Ndani mlikuwa na picha ndogo ya kijana mwenye masikio makubwa. Mtaalamu hakuwahi kumwona baba yake akiwa kijana. Akaishika picha ile muda mrefu.

"Masikio ni yale yale," Faharasa akasema taratibu. Kisha akaongeza, "Sasa niambie. Huo mfumo wako utaniweka wapi mimi?"

Kando ya dirisha palikuwa na kigoda cha mbao chenye mguu mmoja mfupi. Mtaalamu akakigonga kwa kidole. "Sitaandika neno lolote juu ya kazi yako kabla sijakaa hapa siku moja nzima, nikaona unachofanya. Kuanzia saa mbili hadi saa tisa na nusu."

"Ahadi?"

"Ahadi."

Miezi minne iliyofuata walifanya kazi pamoja. Yeye akiskani, Faharasa akimtafutia kurasa zilizopotea na kumweleza ni nani aliyebadilisha jina alipoolewa na ni nani aliyeghushi tarehe ya kuzaliwa. Na mfumo ulifanya kazi kweli. Muuguzi aliyezoea kurudi siku tatu kufuatilia likizo ya uzazi alihudumiwa kwa dakika nne, akabaki dirishani akiuliza kama kuna kingine cha kusubiri. Faharasa aliupenda mfumo ule kuliko hata aliyeuleta. Au ndivyo alivyokuwa akimtania.

Kila saa moja jioni simu ya Faharasa iliita.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Vumbi la faili za wastaafu. Na wewe?"

"Nimekula maneno yako ya mchana. Mpaka sasa yamenikaba."

"Kunywa maji, mpenzi."

Mama yake, aliyekuwa akishona kando ya dirisha la nyumbani, aliuliza bila kuinua kichwa, "Huyo anayelia kila saa moja kamili ni mtu au saa ya ukutani?"

Yalikuwa mapenzi mepesi, ya vicheko, ya kugusana vidole juu ya faili. Lakini siku ya kukaa kwenye kigoda haikufika. Kila wiki mtaalamu alisema wiki ijayo. Kisha makao makuu yakamwita kwenda kufunga mfumo katika ofisi nyingine saba, na akaondoka.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hakuna aliyeona.

Kompyuta za masjala zilikuwa mbili. Moja ilikufa wiki ya pili baada ya yeye kuondoka. Iliyobaki ilichukua robo saa kufunguka, na kila ulipobadilisha mtumiaji ilianza upya. Foleni iliyoshuka hadi ngazini haisubiri robo saa. Basi makarani wawili wa masjala wakajiwekea desturi: anayefika kwanza anafungua kwa neno lake la siri, na wote wanaitumia hivyo hivyo mpaka jioni. Aliyefika kwanza alikuwa mmoja tu kila siku, karani mwenza wa Faharasa aliyeitwa Mapema kwa sababu nyumba yake ilitazamana na lango la ofisi. Mapema alifungua kompyuta, akanywa chai, akasoma gazeti. Faharasa akafanya kazi. Na mfumo, usioona mikono wala jasho, ukaandika kila faili kwa jina la Mapema.

Robo ya mwaka ilipoisha, Mkuu wa masjala akatundika cheti ukutani: Mfanyakazi Bora, Mapema. Kisha akamkabidhi Faharasa bahasha.

Barua ilikuwa fupi. Kati ya faili elfu nne mia moja na kumi na mbili zilizoshughulikiwa katika robo hii, wewe umeshughulikia tisa. Ndani ya siku saba ueleze kwa maandishi kwa nini usiwe miongoni mwa watumishi watakaopunguzwa. Nyuma iliambatishwa ripoti ya tathmini, na chini ya ripoti palikuwa na sahihi anayoijua. Ilikuwa pia kwenye kadi ya mapenzi aliyoiweka ndani ya kabati lake la nguo.

Alikwenda kwa Mkuu barua ikiwa mkononi. Mkuu alikuwa mtu wa tai na mafuta ya nywele, aliyeipenda serikali kama mtu anavyopenda kiti.

"Mkuu, wewe mwenyewe unaniona. Kila siku unapita hapa."

"Mimi nikikuona, watasema nakupendelea. Mfumo hauna shangazi wala mjomba."

"Hauna macho pia."

"Basi niletee ushahidi. Wa maandishi."

Ushahidi gani? Kusema walitumia neno la siri la Mapema ilikuwa kukiri kosa. Kanuni ilikuwa imebandikwa mlangoni, atakayemwachia mwenzake neno lake la siri atafukuzwa kazi. Mapema alijua hilo. Alisimama chini ya cheti chake, ameinamisha macho.

"Dada yangu, mimi ningesema. Lakini nikisema tunaondoka wote wawili. Na cheti kimeshatundikwa."

"Zile tisa zangu ni za lini, Mapema?"

Akafikiri. "Nadhani ni asubuhi ile nilipokwenda kung'oa jino."

"Miaka kumi na moja," Faharasa akasema. "Kazi yangu yote serikali hii inaijua kwa sababu ya jino lako bovu."

Alitoka nje, akasimama kwenye ngazi, akapiga simu.

"Mpenzi," sauti ya mtaalamu ilikuja na furaha, "nilikuwa nataka kukupigia, nina habari..."

"Faili tisa."

"Nini?"

"Umesaini kwamba nimeshughulikia faili tisa robo nzima. Nina barua mkononi. Wananiondoa."

Ng'ambo ya simu mlango ulifungwa.

"Ripoti ilikuwa na majina mia mbili na sita," akasema. "Walitaka isainiwe siku hiyo hiyo."

"Jina langu uliliona?"

Angeweza kudanganya. "Niliona."

"Ukafikiri nini?"

"Nikafikiri labda umechoka. Labda ulikuwa na shughuli nyingine. Takwimu zilikuwa wazi, na mashine haisemi uongo."

"Miezi minne umenitazama machoni. Mashine ikakunong'oneza kwamba mimi ni mvivu, ukaiamini mashine." Akaikunja ile barua. "Tunatumia neno la siri la Mapema kwa sababu kompyuta ni moja. Kila kitu kinaandikwa kwake."

"Moja? Ziko mbili."

"Moja ilikufa wiki ya pili. Nilikuambia, ukasema utaleta nyingine."

Akalikumbuka hilo. Kwenye ripoti alikuwa ameandika kompyuta mbili, zote nzima. Alinakili kutoka ripoti ya wiki ya kwanza.

"Kwa nini hukuniambia habari ya neno la siri?"

"Ungekaa kwenye kigoda ungeliona kabla ya saa tatu asubuhi. Siku moja tu. Sikukuomba nyumba, sikukuomba pete. Nilikuomba ukae utazame." Akavuta pumzi. "Asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakuahidi."

Akakata.

Jioni ile saa moja simu ikaita. Ikaita kesho yake na kesho kutwa.

"Ile saa ya ukutani inalia," mama yake akasema.

"Iache ilie."

"Leo imelia mara nane. Ikifika kumi na tatu nitajua imeharibika." Mama akakata uzi kwa meno, akamtazama binti yake aliyekuwa akiandika barua ya kujieleza na kuichana kwa mara ya tano. "Kakukosea nini hasa?"

"Hakunitazama, Mama."

Mama akarudi kwenye mshono wake. Yeye alifagia maofisi miaka ishirini, na aliijua maana ya kutotazamwa.

Siku ya nne mtaalamu akaja mwenyewe. Alimkuta Faharasa kwenye ujia, amebeba faili hadi kidevuni. Shati la mtaalamu safari hii halikupigwa pasi.

"Nisikilize kidogo."

"Foleni inaanzia mlangoni."

"Faharasa, nimekosa. Nitawaandikia."

"Utaandika nini? Kwamba umesikia kwa mchumba wako? Watakucheka, kisha wataniondoa kwa haraka zaidi." Watu wawili walisimama kusikiliza, hakujali. "Ninyi mnatuletea mashine za kutupima. Sawa, tupimeni, mimi siogopi kupimwa. Lakini anayepima naye afike kazini. Wewe ulinipima ukiwa njiani, mkoba begani, kama mtu anayehesabu nyumba kupitia dirisha la gari. Na karibuni utapanda cheo."

"Cheo gani?"

"Mwaliko wako wa usaili umepitia hapa masjala. Unafikiri barua zinaruka angani?"

Hakusema usaili ni siku gani, kwa kuwa hakujua. Aliyeipokea barua hiyo ni Mapema. Akampita, na faili ya juu ikamgusa mtaalamu begani. Hakuomba radhi.

Alhamisi ilikuwa siku ya saba. Faharasa alifika saa mbili kasoro dakika tano, na barua yake ya kujieleza kwenye mkoba ilikuwa na mistari mitatu tu. Mapema alikuwa ameshafungua kompyuta. Kwenye kigoda chenye mguu mfupi alikaa mtaalamu, daftari la kurasa mia magotini, kalamu mkononi.

"Unafanya nini hapa?"

"Ni saa mbili."

"Ondoka."

"Saa tisa na nusu nitaondoka. Endelea na kazi, sitakusemesha. Msibadilishe chochote, fanyeni kama mnavyofanya kila siku."

Foleni ilikuwa tayari inakohoa. Faharasa akafungua dirisha kwa nguvu hadi kioo kikalia.

Mtaalamu akaanza kuandika. Mwalimu wa uhamisho, faili imetolewa na Faharasa, mfumo umeandika Mapema. Mlinzi ambaye jina lake limeskaniwa vibaya, Faharasa amelitambua kwa namba ya buti iliyoandikwa ukurasa wa pili, mfumo umeandika Mapema. Mama mjane aliyetaka cheti cha utumishi cha mumewe akalia dirishani; Faharasa alimpa kiti, akamsikiliza dakika saba, akampatia cheti. Mfumo haukuandika zile dakika saba kwa jina la mtu yeyote. Mtaalamu aliziandika.

Saa tatu kasorobo Mapema akamsogelea Faharasa, akanong'ona, "Huyu leo si ndiyo siku ya usaili wake? Saa nne, makao makuu. Na nafasi ni ile ya kudumu."

Kalamu ya Faharasa ikasimama. Mkataba wa mtaalamu ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Alikuwa amemwambia hivyo siku za vicheko. Makao makuu ni mwendo wa saa moja. Akageuka.

"Una usaili leo."

"Ninao."

"Nenda. Ukiondoka sasa unawahi. Sitaki kuwa deni shingoni mwako baadaye."

"Mwalimu anasubiri," akasema, akionyesha dirisha kwa kidevu.

Hasira ilimpanda Faharasa upya, nyingine kabisa, ya kuona mtu anayemkasirikia akijiumiza mbele yake na asiweze kumzuia. Akamhudumia mwalimu yule kwa sauti kali kiasi kwamba mwalimu aliomba msamaha bila kujua kosa lake.

Saa nne na dakika tano simu ikaanza kutetemeka mfukoni mwa mtaalamu. Ikatetemeka, ikanyamaza, ikatetemeka. Aliandika: saa nne na dakika nane, faili mbili za majina yanayofanana zimetenganishwa, Faharasa.

Saa sita Mkuu akapita, akasimama. "Mtaalamu. Nilidhani uko makao makuu."

"Hii ni yako, Mkuu." Akatoa bahasha ndani ya daftari. "Nimeondoa sahihi yangu kwenye ripoti ya masjala. Niliandika kompyuta mbili nzima. Nzima ni moja. Kosa la neno la siri lilizaliwa hapo, na ni langu kabla halijawa lao. Nakala imeshakwenda kwa Katibu tangu asubuhi."

Mkuu akaisoma, na shingo yake ikanenepa juu ya tai. "Unajua umejichomea nyumba? Nani atakuajiri baada ya haya?"

"Ripoti isiyo na sahihi haiwezi kumwondoa mtu kazini. Kanuni ni yenu."

"Unaniharibia robo nzima kwa ajili ya karani mmoja."

Mapema, ambaye asubuhi yote alikuwa amejificha nyuma ya gazeti, akainuka. Akapanda juu ya kiti, akakishusha cheti ukutani, akakiweka mezani mbele ya Mkuu kikitazama chini. "Nilivikwa kilemba cha ukoka, Mkuu," akasema. "Kinawasha." Kisha akarudi kwenye kiti chake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akachukua faili.

Mkuu akaondoka na bahasha bila cheti.

Saa saba kalamu ya mtaalamu ikaisha wino. Akaitikisa, akaipulizia, akakwaruza pembeni mwa karatasi. Faharasa, bila kugeuza kichwa, akachomoa kalamu moja kwenye nywele zake, akaiweka juu ya kaunta upande wa kigoda. Akaendelea kuhudumia.

Saa tisa na dakika ishirini mtu wa mwisho akashuka ngazi. Kompyuta ilisema: Mapema themanini na nne, Faharasa sifuri. Daftari lilisema: Faharasa sabini na tatu, Mapema kumi na moja.

"Foleni imekwisha," Faharasa akasema. "Unaweza kwenda."

"Bado dakika kumi."

Mapema akakumbuka ghafla kwamba ana jambo nyumbani kwake, akavuka barabara. Chumba kikabaki na harufu ya karatasi kuukuu na joto la mashine. Faharasa akaegemea kaunta, na kalamu moja iliyobaki ikalegea kwenye nywele.

"Wamekuandikia nini?"

Akatoa simu, akaisoma kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Wameendelea na wengine."

"Mjinga wewe."

"Ndiyo."

"Nina hasira na wewe bado. Si hasira za kuisha kesho."

"Najua. Sikuja kuzimaliza."

"Ulikuja kufanya nini?"

"Nilikuambia saa mbili hadi saa tisa na nusu."

Akamtazama: kola iliyokunjamana, vidole vyenye wino sasa kama vyake, masikio yale ya dereva wa greda. Machozi yalimkaribia, akayakasirikia nayo.

"Leo saa moja jioni," akasema, "nikisikia simu nitapokea. Siahidi kuongea vizuri."

Mtaalamu alikuwa akiitazama saa ya ukutani. Mshale ulipogusa nusu akaandika saa chini ya mstari wa mwisho, akasaini jina lake lote, akainuka magoti yakilia, akatoka, akazunguka hadi upande wa nje wa dirisha. Akalipitisha daftari chini ya kioo.

Faharasa akavuta muhuri wa masjala, akarekebisha tarehe, akagonga mara moja kwa nguvu: IMEPOKELEWA.